Pumzi Kabla ya Saksofoni

Papa alikuwa na santuri moja ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuisikia mpaka mwisho. Aliiweka Jumapili mchana, baada ya misa na chakula, na sote tulijua kitakachofuata. Magitaa yanaanza, wanaingia waimbaji wawili, kisha ala zote zinapunguza sauti kidogo, kama watu wanaompisha mwenzao mlangoni. Katika utulivu huo anasikika mtu akivuta pumzi. Pumzi moja tu, ya mdomo, ya haraka, ya mtu anayejiandaa kupuliza. Hapo hapo papa ananyoosha mkono na kuinua sindano.

"Basi," anasema, na santuri inarudi ndani ya bahasha yake.

Mtu huyo aliyevuta pumzi alikuwa yeye mwenyewe. Alipokuwa kijana, kabla hajamwoa maman, alipiga saksofoni katika okestra moja ya hapa Bukavu. Siku zile kila okestra ilijibandika neno Jazz, hata kama haikupiga kitu kingine ila rumba. Walivuka mto Ruzizi, wakaenda Bujumbura kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya duka lake, wakarudi na santuri hiyo moja. Haukupita muda, kifua kikamkamata. Pumu. Daktari alimwambia achague, saksofoni au kifua. Papa aliuza saksofoni, akaomba kazi ya ofisi kwenye kampuni ya chai, akaoa, akatuzaa mimi na mdogo wangu. Na kwa kuwa hakuweza tena kupuliza, akaanza kukusanya wale wanaopuliza.

Hayo yote niliyapata kwa maman, kidogo kidogo. Papa mwenyewe hakusema kitu. Ukimwuliza kwa nini asituachie tusikie saksofoni yake, alikunja uso na kukuuliza kama kazi za shule zimekwisha. Wala hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa ule mkono wa gramafoni. Kuuinua ilikuwa kazi yake peke yake, hata siku alizokuwa na homa.

Kabati lake lilikuwa sebuleni, la mbao za libuyu, mti mgumu wa misitu yetu, refu kuliko mimi. Ndani yake zilisimama santuri za jazz ya Wamarekani weusi, za okestra kubwa zenye tarumbeta nyingi na za wapiga saksofoni waliomtoa machozi, zimechanganyika na za okestra zetu za Kongo. Nyingine aliachiwa na mapadre waliokuwa wanarudi kwao. Nyingine alizinunua kwa watu waliohama mji haraka na hawakuwa na nafasi kwenye mizigo. Mojawapo, ambayo leo watu wa Ulaya wangeigombania, aliikuta katika soko la Kadutu imefunikwa juu ya beseni la sambaza. Mama muuzaji hakutaka kuuza kifuniko bila samaki, kwa hiyo papa alinunua beseni zima. Tulikula sambaza mpaka tukakosana nazo.

Mimi ndiye niliyefundishwa kuzitunza, kwa sababu mdogo wangu alizaliwa na mikono ya kuvunja. Santuri unaishika kwa ukingo na kwa karatasi ya katikati, kamwe si usoni. Unaisimamisha kama kitabu. Ukizilaza zinaelemeana na kupinda. Jua la mchana lisiifikie. Na kwa vile Bukavu ni mji wa mvua na ukungu wa ziwa, ambako kuvu huota hata ndani ya viatu vya misa, papa aliweka makopo ya makaa kwenye kila rafu ili yanyonye unyevu, na kila mvua zilipoanza tulibadilisha makaa. Kuosha, tuliosha kwa maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, maana maji ya bomba huacha weupe ndani ya mifereji. Tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga, kisha kukausha kivulini.

"Na pombe?" nilimuuliza siku moja, kwa kuwa nilikuwa nimemwona jirani akisafisha redio yake kwa pombe.

"Pombe ni sumu," alisema. "Hii ya zamani haijue kunywa. Ikikunywa tu, inapoteza akili."

Alikuwa anazisema santuri zile nzito za zamani, zinazozunguka mbio na kuvunjika ukiziangusha. Hazikutengenezwa kwa plastiki. Ni gundi inayotolewa na wadudu fulani, ikachanganywa na unga wa mawe, na gundi hiyo hulainika ikikutana na pombe. Leo nafundisha kemia kwenye shule ya sekondari na ninaweza kuieleza ubaoni kwa herufi na mishale, lakini wanafunzi wangu huelewa haraka zaidi nikiwaambia maneno ya papa.

Vita vilipopita mjini, wanaume wenye bunduki waliingia kwetu wakachukua friji, televisheni, magodoro, hata pazia la bafu. Kabati walilifungua pia. Mmoja alitoa santuri, akaigeuza pande zote mbili, akauliza ni ya nini. Papa akamjibu kwamba ni ya kusikiliza mambo ya zamani. Yule mtu aliirudisha ndani kwa adabu, akafunga kabati. Walipoondoka papa alikaa kwenye sakafu tupu akicheka mpaka kifua kikambana na tukaanza kutafuta dawa yake.

Ile santuri yake ilikuwa na kitu ambacho jicho lolote lingekiona ukiielekeza kwenye mwanga. Kuanzia ukingoni kuja ndani ilikuwa imepauka, ya kijivu, kwa sababu ya sindano kupita juu yake miaka na miaka. Halafu, ghafla, rangi ya kijivu inakoma, na kuanzia hapo mpaka kwenye karatasi ya katikati ni nyeusi tii, inang'aa kama siku ilipotoka dukani. Mpaka huo ulikuwa mahali pa pumzi. Baada yake sindano haikuwahi kupita.

Papa alituacha mwanzoni mwa msimu wa mvua. Kilikuwa kifua kile kile. Hospitalini, siku za mwisho, alikuwa anahema upesi upesi, pumzi fupi fupi, moja ikiisukuma nyingine, na hakuna iliyofika chini. Maman alikaa pembeni ya kitanda akihema pamoja naye, kana kwamba angeweza kumsaidia kubeba. Mwishoni ilikuja moja ndefu kidogo. Tuliingoja itoke. Haikutoka.

"Alivuta," maman alisema. "Hakurudisha."

Tulimzika, watu wakaja, watu wakaenda, na maneno hayo mawili yakabaki na maman. Aliyasema akichambua maharage. Aliyasema katikati ya rozari. Nilimwambia, kwa hasira maana huzuni yangu hutokea mlango huo, kwamba mwili hauna deni la kurudisha hewa, kwamba mapafu yalichoka na basi. Aliniangalia kwa upole ulionikera zaidi.

"Weye unajua mambo ya kitabu," alisema. "Mimi ile ya hospitali inanikaa mu masikio. Nataka nisikie ile ya bujana. Ile ya mu disiki. Nikiisikia mara moja tu, hii ingine itatoka."

Hiyo ndiyo iliyokuwa haja yake, na hakuwa na nyingine. Hakutaka picha, hakutaka jiwe zuri kaburini. Alitaka kumsikia mume wake akivuta pumzi akiwa mzima. Lakini nyumba yenye kilio haipigi muziki mpaka matanga yaondolewe, na maman ni mtu wa kufuata taratibu hata zikimwumiza yeye mwenyewe. Basi alivaa nyeusi na kungoja, na santuri zikakaa kimya mwaka mzima.

Mimi niliendelea kubadilisha makaa. Nilifungua kabati, nikazipangusa moja moja, nikalifunga. Mchana mmoja wa mvua maman aliinua kichwa kutoka kwenye ushonaji wake.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Anapumua mule ndani."

Nilimweleza kwamba mbao za libuyu hunywa unyevu na kuvimba, na zikivimba hutoa sauti. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi. Kuanzia hapo alisogeza kiti chake karibu na kabati. Nilimkuta akiliambia bei ya mchele, akiliambia kwamba barabara ya kwenda Kavumu imeharibika tena, kwamba mdogo wangu ameongezewa kazi huko kwenye shirika lake. Kiti cha papa kilikuwa kando ya dirisha, na hakuna aliyekikalia.

Halafu nikasikia mimi. Nilikuwa peke yangu nasahihisha mitihani, mvua inapiga mabati, na ndani ya kabati mtu akavuta pumzi. Ile ile, ya mdomo, ya haraka. Kalamu ilisimama mkononi. Nilijua mbao, nilijua unyevu, nilijua kila kitu nilichomwambia maman, na bado nikaogopa. Lakini kilichoniuma si woga. Kilichoniuma ni kwamba nilikaa pale mpaka giza likaanza kuingia nikingoja ifuate nyingine, na haikuja. Sikumwambia mtu.

Karibu na siku ya kuondoa matanga, mkusanyaji mmoja wa santuri huko Ulaya aliniandikia kwenye WhatsApp. Sijui alipataje habari. Alisema okestra ile anaijua kwa jina tu, hajawahi kuona santuri yao hata moja, na anaamini hii yetu ndiyo iliyobaki. Akataja bei. Sikumtajia mdogo wangu bei hiyo, kwa usalama wa santuri. Nilimjibu yule mtu kwamba haiuzwi, naye akanishauri, kwa heshima, nisiipige ovyo, kwa sababu kila sindano inapopita inakwangua kidogo. Kana kwamba nilikuwa sijui.

Tukapanga hivi: matanga yataondolewa Jumamosi. Jumapili, baada ya misa, tutaipiga mara moja tu. Mdogo wangu atarekodi kwa simu yake, na maman atakuwa na pumzi yake siku zote bila kuikwangua santuri tena. Mpango ulikuwa mzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa papa. Anaishi Kavumu, analima, na hajawahi kuja kwetu mikono mitupu. Jumamosi ile aliteremka kwenye gari na bidon, dumu la njano, imejaa kasiksi, pombe aliyoipika mwenyewe kwa ndizi za shamba walikozaliwa yeye na papa. Misa ilisomwa, watu wakala chini ya turubai tulilokodi, maman akavua nyeusi na kuvaa kitenge kipya, na wanawake wakapiga vigelegele. Kasiksi ikazunguka. Shangazi hakuonja. Kwa wazee wetu Wabashi, hainyweki pombe ya siku kama hiyo kabla mwenye siku, yaani marehemu, hajamwagiwa yake, na shangazi, pamoja na rozari shingoni, haoni ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

"Mulamu," nilimsikia akimwuliza maman, wifi yake, wakati napita na sahani, "ya ndugu yangu niimwange wapi? Kwa makaburi ni mbali, na mvua inakuya."

"Iko mule," maman alisema na kuonyesha kabati. "Mi namusikiaka anapumua. Kesho watoto watatupigia, na weye utamusikia."

Akafungua, akamwonyesha hata bahasha yenyewe. Nikaenda zangu jikoni. Nilidhani ni maneno ya wajane, yale yanayosemwa na kupita.

Wageni waliondoka mapema kama watu wa mji huu wanavyoondoka siku hizi. Shangazi alilala sebuleni. Kulipokucha nilikwenda kuchukua gramafoni niifute vumbi, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, amenyooka, rozari mkononi. Mezani, juu ya kitambaa cheupe cha sikukuu, ilikuwa imelazwa santuri ya papa. Ilikuwa imelowa. Kando yake kulikuwa na kibuyu kidogo kitupu, na chumba chote kilinuka ndizi zilizochacha. Kutoka dirishani ulikuwa umekuja msururu wa sisimizi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini mwanzoni.

"Kwani uko nalia juu ya nini?" shangazi aliniuliza. "Wote mulikunywa. Yeye tu njo hakukunywa. Mi nilimupatia ya kwake."

"Shangazi, hii ni disiki! Pombe inaiharibu!"

"Mama yako njo alisema iko mule ndani."

"Ni sauti! Ni sauti tu iko ndani!"

"Na sauti haisikie kiu?"

Mdogo wangu alitoka na shati mkononi, akaona meza, akakaa chini. Maman alikuja nyuma yake. Nilingoja naye apige kelele, anisaidie. Alisogea, akainama juu ya santuri, akaangalia pale pombe ilipokuwa imeanza kukauka na kuacha utando unaonata.

"Alikunywa?" aliuliza.

"Alikunywa, mulamu," shangazi alisema. "Angalia. Hakubakisha."

Nikawaacha. Kama ningebaki ningesema neno ambalo huwezi kumwambia shangazi yako wa damu. Nilikwenda uani kwenye pipa la maji ya mvua, nikachuja, nikaosha kama papa alivyonifundisha, sabuni tone moja, brashi ikifuata mviringo wa mifereji. Utando ulitoka. Sisimizi walitoka. Nilipoielekeza kwenye mwanga niliona doa. Lilikuwa dogo kama kidole gumba, halina mng'ao, uso wake umelegea kama nta. Pombe ilikuwa imetuama hapo kwa saa kadhaa. Na lilikuwa limekaa sawasawa kwenye mpaka, pale kijivu kinapokoma na weusi kuanza. Katika santuri nzima, pale.

Nililia juu ya pipa. Niliwachukia wote, hata papa, kwa kuweka pumzi yake kwenye kitu kisichojua kunywa.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, alitaka tungoje. "Yaya, tumwandikie yule muzungu. Labda kule kuko mutu wa kuitengeneza."

"Leo," maman alisema.

"Maman, tukiipiga hivi itaharibika zaidi."

"Nilisema leo. Mwaka mzima nilingoja."

Basi baada ya misa nikafunga kwenye gramafoni ile sindano nene ya santuri za zamani. Umeme ulikuwepo. Mvua ilikuwa imeanza. Mdogo wangu aliweka simu juu ya kigoda. Shangazi alikaa kwenye mkeka, maman kwenye kiti chake karibu na kabati, na kiti cha papa kikawa kitupu kando ya dirisha. Nikateremsha mkono wa gramafoni, mara yangu ya kwanza maishani kufanya hivyo kwa santuri ile, na magitaa yakaanza.

Yalikuwa ya mbali, yenye mchanga mwingi, lakini yalikuwa yenyewe. Waimbaji wawili wakaingia. Shangazi alitabasamu, maana mmoja wao alimjua, amekufa siku nyingi. Maman alifumba macho. Ala zikapunguza sauti, zikampisha mtu mlangoni, na papa akavuta pumzi.

Akavuta tena.

Akavuta tena, na tena, na tena. Sindano ilikuwa imenasa kwenye doa. Santuri za aina ile huzunguka upesi, na mzunguko mmoja ni mrefu kama pumzi moja. Kila ulipokamilika, sindano ilirudi pale pale ilipotoka. Najua kuyaeleza hayo. Lakini kilichojaa sebuleni hakikuwa kijana anayejiandaa kupuliza. Kilikuwa hospitali. Ni zile pumzi fupi fupi, moja ikiisukuma nyingine, zinavutwa, hazirudishwi, na hakuna inayofika chini.

Shangazi alipiga ishara ya msalaba. Mdogo wangu alinigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwenye mashine, na sikuweza kunyoosha mkono. Ilikuwa kazi yake peke yake. Na kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, ambalo nililisoma kwenye uso wa mdogo wangu kama yeye alivyolisoma kwenye wangu: nani atakuwa mtu wa kuikatiza pumzi hiyo? Papa alikuwa anahema chumbani mwetu, na ukiinua sindano ataacha.

Maman alifumbua macho. Alikuwa anahema pamoja naye, kama kule.

"Funga telephone," alimwambia mdogo wangu. Naye akaifunga.

Akasimama kwa taabu, akashika ukingo wa kabati, akaifikia gramafoni. Alisimama mbele yake, akiiangalia santuri inavyozunguka, na pumzi zikimpiga kifuani.

"Inatosha, papa," alisema. "Ulichoka."

Akainua mkono. Ukimya ulikuja wote kwa mara moja, na nyuma yake mvua. Nilidhani amemaliza. Nikasogea nimshike. Lakini hakuurudisha mkono mahali pake. Aliushikilia hewani, akausogeza mbele kidogo, kuelekea ndani, kwenye weusi.

"Maman, utaikwaruza!"

"Nyamaza."

Akaiteremsha sindano mahali ambapo haikuwahi kufika. Na saksofoni ikatoka.

Sikuwa najua kwamba sauti inaweza kuwa mpya kiasi kile. Hakukuwa na mchanga wowote. Ilikuwa imelala pale miaka yote bila kuguswa, na ilitoka kama vile inapulizwa nyuma ya pazia letu. Noti moja. Alianza nayo chini, akaishikilia, akaipandisha polepole, na hakuiacha. Magitaa yalizunguka chini yake, yakarudi, yakazunguka tena, naye bado yuko juu ya noti ile ile, pumzi ile ile. Nilijikuta nimebana yangu. Nilimwona shangazi amebana yake. Hakuna kifua chenye pumu kinachoweza hivyo, niliwaza, na papo hapo nikaelewa kwa nini aliinua sindano kila Jumapili. Hakuwa anaona aibu kwamba alipiga vibaya. Alipiga vizuri. Hakuweza kukisikiliza kifua alichokuwa nacho zamani.

Noti ikaanza kushuka, ikapungua, ikapungua, ikaisha taratibu kabisa. Maman akaachia hewa aliyokuwa ameishika, ndefu, mpaka mabega yakashuka.

"Alirudisha," alisema.

Machozi yalimtoka, na alikuwa anacheka. Shangazi alitikisa kichwa kama mtu anayeona kazi yake imefanya kazi, na sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Wimbo ukamalizika kwa mapigo mawili matatu ya haraka ya magitaa. Maman alirudi kwenye kiti chake. Sindano ilifika kwenye mzunguko wa mwisho karibu na karatasi, ikabaki pale inakwaruza, duara baada ya duara.

Mvua iliendelea. Hakuna aliyeinuka. Maman alikuwa anaangalia kando ya dirisha, na shangazi pia, na mdogo wangu pia. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba hata mimi nimegeukia huko, kwenye kiti kitupu, na kwamba sote tulikuwa tunamngoja anyooshe mkono.